Swichi ya Saba ya Mzee Bang

Mwaka ule mnada wa vitunguu saumu ulifunguliwa kwa kelele, ukanyamaza, kisha ukapiga kelele kuliko mwanzo. Kwa kuwa na mimi nilikuwamo katika kosa lenyewe, tena mikono yangu miwili ilikuwamo, ni heri nisimulie mwenyewe kabla hamjaletewa ya kuongezwa chumvi.

Jina langu Do Pil-rye, ila pale sokoni hakuna anayelitumia. Kuanzia meneja hadi madereva wa trekta, wote huniita Mama Mdogo, ndivyo mwenye kantini anavyoitwa kwetu. Huu ni mwaka wa kumi na tisa napika supu ya soya nyuma ya banda la kati. Mabanda ni matatu: la kusini, la kati na la mtoni. Msimu ukifika, wakulima hushusha vitunguu vyao ndani ya nyavu nyekundu, na wanunuzi mia na zaidi hukaa kwenye ngazi, kila mmoja ameficha kidude chake cha kupandia dau ndani ya koti ili jirani asione anabonyeza nini. Bei inaonekana kwenye ubao mkubwa wa taa. Dalali wetu, Seok Man-ho, anaita mzigo kwa kipaza sauti, ubao unawaka, mzigo umekwenda.

Ili hayo yote yatokee, kila kidude, kila mizani, kila ubao na hata kipaza sauti cha dalali lazima vipitie kwenye swichi. Nilikuwa najua swichi ya taa tu. Hizi ni masanduku bapa ya chuma yenye safu za matundu ya kuchomekea nyaya, na taa ndogo za kijani zinazokonyeza mchana kutwa. Mwenye kuzitunza alikuwa Mzee Bang Jong-tae, aliyepanda nguzo za simu ujana wake wote kabla ya kuja kwetu. Kila swichi aliinunua kwa mwaka wake, ina jina lake na nywila yake, na zote aliziandika kwenye daftari lenye jalada la nailoni. Mnunuzi mpya akija, Mzee Bang hupanda baiskeli, banda hadi banda, akizifundisha swichi moja moja kwamba mtu huyu yupo. Na kila mara, nakwambia kila mara, moja huisahau.

Mwaka uliotangulia ubao wa banda la mtoni ulionyesha bei ya jana yake kwa saa nzima. Mkulima mmoja na mnunuzi mmoja wakashikana mashati. Ndipo Meneja Gwak akamwita fundi kutoka jijini Daegu.

Fundi mwenyewe mwanamke, Pyo Mi-ran, miaka thelathini na minne, mfupi, mwenye kicheko cha kuamsha mbwa. Siku ya kwanza alikula mabakuli mawili na kuomba ukoko wa wali. Nikampenda palepale. Alileta swichi sita za kampuni moja na aina moja, akafunga mbili kila banda, akaziunga kwa faiba, nyaya nyembamba za kioo: ya kwanza kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, mpaka ya sita, na kutoka ya sita waya ukarudi kwa ya kwanza. Akaja kumweleza Mzee Bang mezani kwangu, na mzee akakunja mikono.

"Kwa macho ni sita," Mi-ran akasema, akipanga vikombe kwa mduara. "Lakini ukiingia kuzipanga, ni moja. Jina moja, nywila moja. Ukimwandika mnunuzi mara moja, mabanda yote yanamjua."

"Na waya ukikatika?"

"Ndiyo maana nimefunga duara. Upande mmoja ukikatika, habari zinapita upande wa pili."

"Na nani mkubwa wao?"

"Moja huwa kiongozi, nyingine zinafuata. Ikifa ile, nyingine inashika nafasi."

"Nani anachagua?"

"Zinachaguana zenyewe, mzee."

Mzee Bang akacheka kwa puani. "Zenyewe! Sisi kijijini kwetu kumchagua mwenyekiti tu tulivunja viti vitatu."

"Basi hizi zina adabu kuliko kijiji chenu."

"We binti, usinitanie. Mimi nilikuwa juu ya nguzo wewe hujui hata kutambaa."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nakuonyesha wewe, sikumwonyesha meneja."

Jibu hilo lilimgusa, nilimwona. Lakini mwanamume wa kwetu haonyeshi.

Swichi zake za zamani zikang'olewa, zikatupwa ndani ya kreti. Moja tu aliinusuru. Hiyo aliinunua miaka sita nyuma, tena kwa bahati ilikuwa ya aina ileile ya zile mpya, ya toleo la mwanzo kabisa. Akaiweka mezani kwake, akawa anaipangusa vumbi kwa brashi ya rangi. Siku tatu kabla ya ufunguzi akamwendea Mi-ran.

"Binti Pyo, hii nayo iunge. Iwe ya saba."

"Haina kazi, mzee. Matundu tuliyonayo yanatosha na kubaki."

"Ni aina ileile."

"Ni aina ileile, lakini haina kazi. Acha ipumzike."

Mzee Bang hakujibu. Wanawake wa wilaya yetu tunajua: mzee wa huku akibishana, mambo ni mazuri. Akinyamaza, ficha vyombo vya udongo.

Tarehe mosi Julai ikafika. Saa nne asubuhi tulikuwa tumekwisha kukiinamia kichwa cha nguruwe cha tambiko na kuuombea msimu. Meneja Gwak alikuwa amevaa tai iliyomkaba, na malori na matrekta yalipanga foleni hadi barabara kuu. Banda la kati lilijaa hata ngazi zikalia. Mnada ukaanza vizuri mno. Dalali Seok anaita, ubao unawaka, mabanda yote matatu bei ileile, dakika ileile. Meneja alitabasamu kiasi cha kulegeza tai.

Saa nne na nusu Mi-ran alikwenda banda la mtoni kutazama mizani iliyokuwa inasuasua. Nami nikachukua birika la chai ya shayiri nikampelekea Mzee Bang kwenye chumba cha mitambo, kijichumba cha nyuma ya ngazi. Nikamkuta amepakata ile swichi yake ya zamani kama mtu aliyebeba mjukuu. Ilikuwa imewashwa kwa waya mrefu kutoka ukutani, inavuma.

"Mama Mdogo, umekuja wakati mzuri. Nishikie."

"Nini tena hiki?"

"Ni wa nyumbani. Ameachwa nje peke yake. Mimi nimesoma kitabu cha maelekezo wiki nzima, nimemwandaa, amebaki kuungwa tu."

"Fundi Pyo anajua?"

"Atajua akirudi. Atashangaa."

Hapo alisema kweli tupu.

Nikaishika. Nzito, ya moto, ikanivumia kifuani. Mzee akachomoa waya mmoja wa lile duara, akauingiza kwenye ya saba, kisha kutoka ya saba akavuta waya mwingine akaurudisha pale alipochomoa. Alifanya taratibu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Taa za swichi mbili zilizokuwa ukutani zikakonyeza haraka haraka, kama zinaulizana kitu. Halafu zikazimika zote kwa pamoja.

Na nje, soko likanyamaza.

Miaka kumi na tisa sijawahi kulisikia soko lile likiwa kimya. Nilisikia hadi nzi. Kisha sauti moja ikapasua: "Aah! Kidude changu kimekufa!" Mwingine: "Changu pia!" "Ubao umezima!" "Kwetu mtoni pia giza!" Halafu wote mia na zaidi wakasema kwa mpigo mmoja.

Mzee Bang alikuwa mweupe kama figili iliyomenywa. "Nilidhani itaingia kama mgeni," akanong'ona. "Ikae mwishoni, kimya."

Mi-ran alikuja mbio kutoka mtoni, mita mia tatu za vumbi. Akafungua mlango, akanitazama mimi kwanza.

"Mama Mdogo, umeshika nini?"

"Sijui, mwanangu. Ila ni kizito."

Akaiona na nyaya zake. Akachomeka kompyuta yake, akasoma, kisha akajifunika uso kwa mikono. Mabega yakawa yanatikisika. Nikajua analia. Alipotoa mikono, kumbe nusu kilio, nusu kicheko.

"Imechaguliwa," akasema.

"Nini imechaguliwa?"

"Swichi yako, mzee! Imekuwa kiongozi! Zile sita zote zimejizima ili ziwake upya na kuifuata yenyewe. Na yenyewe haimjui mnunuzi hata mmoja wa mwaka huu."

"Sasa kwa nini ziichague hiyo kuukuu, ziache mpya?"

Mi-ran akavuta pumzi. "Kwa sababu mimi ni mjinga. Kila swichi ina namba ya kipaumbele, yenye namba kubwa ndiyo inaongoza. Nilipaswa kuipa yangu ya kwanza namba kubwa. Sikuipa. Zote niliziacha na moja, kama zilivyotoka kiwandani, na yako nayo ina moja. Zikilingana, zinatazama namba ya kuzaliwa, ile ya kiwandani. Ndogo ndiyo inashinda. Yako ilizaliwa kabla."

Mzee Bang akatafakari. "Kwa hiyo imeshinda kwa umri."

"Usitabasamu, mzee!"

"Sitabasamu."

Alikuwa anatabasamu. Niliapa baadaye mbele ya meneja kwamba hakutabasamu, Mungu anisamehe.

Meneja mwenyewe akaingia, tai iko begani. "Nani? Nani amefanya hivi?"

"Mimi," akasema Mzee Bang.

"Mimi," akasema Mi-ran.

"Binti, kaa kimya, ni mimi niliyechomeka."

"Ungechomeka mara mia isingedhuru kitu kama mimi ningeweka namba."

"Lakini ulinikataza!"

"Nilikukataza bila kukueleza kwa nini, hilo nalo ni kosa langu."

"Usininyang'anye kosa langu wewe!"

"Na mimi nilishika," nikasema, maana nilikuwa bado nimeshika.

"Nyamazeni!" Meneja akapiga mlango. "Muda gani?"

Mi-ran akahesabu kwa vidole. "Kuitoa hii, kuziwasha zile sita, kurudisha mipangilio. Nakala ya jana jioni ninayo. Dakika ishirini na tano."

"Dakika ishirini na tano wanunuzi watakuwa wamefika soko la jirani!" Meneja akatoka akikimbia.

Mimi nikatua mzigo wangu mezani, Mi-ran akachomoa waya wake. Swichi sita zikaanza kuamka. Ndipo akasimama kidole hewani. "Mzee. Wanunuzi walioandikishwa asubuhi hii hawamo kwenye nakala ya jana. Na nakala ya asubuhi sikuihifadhi. Walikuwa wangapi?"

"Thelathini na wanane," akasema Mzee Bang, tayari ana daftari mkononi. "Ulisema karatasi haina haja tena. Mimi nikaandika hivyo hivyo."

Mi-ran akamtazama kama mtu aliyeona maji jangwani. "Soma, mzee wangu. Soma namba za vidude, polepole."

Mzee akasoma kwa sauti yake nzito, Mi-ran akagonga vitufe, wala hakuna aliyemkosoa mwenzake. Nikaona hapa sihitajiki. Nikatoka kutazama kama soko bado lipo.

Lilikuwapo. Dalali Seok alikuwa ameweka chini kipaza sauti kilichokufa, akapanda juu ya kreti nne. Mtu wa miaka sitini na saba, suruali ameifunga kwa kamba. Akakohoa, akafungua koo, na ile sauti ya kale ikatoka: ndefu, ya mawimbi, inayoviringa namba kama mpunga chini ya mchi. Miaka kumi na moja hatukuisikia, tangu vidude vilipokuja. Wazee kwenye ngazi wakasimama. Vidole vikaanza kutoka ndani ya makoti: kimoja, vitatu, vimekunjwa, vimenyooshwa. Ile lugha ya zamani ya kupandia dau walikuwa hawajaisahau hata neno moja. Wanunuzi wa kusini na wa mtoni wakaja mbio wakajibana humo humo, mwingine amekaa juu ya paja la mshindani wake.

Taabu ilikuwa kwa vijana. Hawakuwahi kujifunza vidole, wakawa wanaiga. Mmoja mwenye miwani akaonyesha elfu nne, kisha akaonyesha elfu nne na mia tano, kisha elfu tano, jasho linamtoka.

Dalali Seok akasimamisha mnada. "Wewe mwenye miwani! Unashindana na nani?"

"Na... na huyo mwenye elfu nne na nusu, dalali."

"Huyo ni wewe! Mkono wako wa kulia unaupandishia dau mkono wako wa kushoto! Shusha mmoja, kijana, familia yako ipate kula mwaka huu!"

Banda zima likavunjika mbavu. Wakulima wanawake waliokaa juu ya nyavu walicheka hadi mmoja akaporomoka, akaokotwa, akaendelea kucheka. Dalali akampa kijana mzigo wake kwa elfu nne, na kijana akainama mara tatu. Mizigo kumi na sita ikauzwa kwa mdomo na kwa vidole, na mzigo wa mjane mmoja wa ng'ambo ya mto ukapanda mpaka won elfu tano mia moja kwa kilo, bei ambayo hakuna aliyeitegemea siku ya kwanza.

Kisha ubao ukawaka, na vidude vyote vikalia pii kwa pamoja. Mnajua watu walifanya nini? Wakazomea!

"Zima tena!" wakapiga kelele. "Zima hiyo! Mwache dalali!"

Meneja Gwak, aliyekuwa amekaa chini kabisa akisali, hakujua afurahi au akasirike. Dalali Seok akashuka kwenye kreti, shati limelowa, akaja kantini akanywa mabakuli matatu ya chai bila kupumua. Akanishika mkono. "Pil-rye," akasema, na ni nadra kuniita hivyo, "kumbe bado ninayo." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia ni harufu ya vitunguu.

Mnada ulipokwisha alasiri, nilidhani Mi-ran atamkaripia Mzee Bang. Akamwita chumba cha mitambo, nami nikafuata na sahani ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachua kwa pilipili, kama kisingizio.

"Tazama hapa, mzee. Swichi ya kwanza nimeipa namba kumi na tano. Ya pili kumi na nne. Basi haziwezi tena kubabaishwa na anayekuja. Sasa lete ile yako."

"Hapana, imetosha. Nitaitupa."

"Nani kakwambia utupe? Ilete. Ila kwanza futa mipangilio yake ya zamani, halafu izime kabisa. Mgeni anavua viatu mlangoni, haingii navyo. Ukishaunga nyaya ndipo unaiwasha."

Akafanya yeye mwenyewe, Mi-ran amekunja mikono nyuma asije akasaidia. Mzee akafuta, akazima, akaunga, akawasha. Taa zikakonyeza, zikatulia. Kwenye kompyuta pakaandikwa saba. Nje, mizani ya mwisho iliyokuwa bado inapima haikushtuka hata kidogo.

"Na kazi yake?" akauliza Mzee Bang. "Ulisema haina kazi."

Mi-ran akanigeukia. "Kantini haina ubao wa bei. Watu wanaacha supu ipoe, wanakimbilia kuangalia. Tuipeleke kwa Mama Mdogo."

Ndivyo nilivyopata ubao wangu, juu kidogo ya sufuria la wali, na swichi ya saba kwenye rafu karibu na mitungi ya soya. Tangu siku hiyo wanunuzi wanakula wakiwa wameketi, na wakiketi wanaagiza zaidi.

Wiki ya pili foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, ikarudi nyuma vibaya ikaukata waya kati ya banda la kati na la mtoni. Mzee Bang alikuwa kwangu, mbele yake bakuli la tambi za barafu. Simu yake ikalia. Akaitazama.

"Waya wa mtoni umekatika," akasema, akaokota tambi.

Nikaacha upawa ukaangukia ndani ya supu. "Na umekaa? Huendi?"

"Bei zinapita upande wa kusini. Tazama ubao wako."

Nikatazama. Namba zilikuwa zinakimbia kama kawaida. Nje, Dalali Seok anaita, watu wanabonyeza, hakuna aliyejua kitu. Mzee Bang alimaliza tambi, akanywa mchuzi, akanyoosha mgongo, ndipo akachukua koleo lake na kwenda kuunga waya kwa hatua za mtu anayekwenda kumwagilia bustani. Miaka yote niliyompikia, ilikuwa mara ya kwanza kuona amemaliza bakuli katikati ya msimu.

Mwisho wa Agosti Mi-ran alikuja kukabidhi kazi. Mzee Bang akatia sahihi kila karatasi bila kubishana, mpaka nikaogopa. Kumbe binti alikuwa na lake.

"Mzee, kuna soko la vitunguu maji kusini huko. Swichi tisa, mabanda manne, na fundi wao mzee hataki hata kunitazama. Ananiita mtoto."

"Ana miaka mingapi?"

"Sitini na tatu."

Mzee Bang akanyoosha kola. "Miwili zaidi yangu. Mkaidi?"

"Kuliko wewe."

"Haiwezekani. Nataka kumwona."

Jumatatu akaja na shati jipya lenye mikunjo ya dukani, akapanda gari la Mi-ran, daftari kwapani. Niliwapa wali wa kufungwa kwa mwani wa kula njiani. Gari halijafika hata getini nikawasikia, mmoja anataka dirisha wazi, mwingine anataka kipoza hewa, na kila mmoja ana sababu zake tano.